Nilimtafsiria Mama Mkwe Nusu ya Maneno Yake

Bibi mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, tangu nilipoolewa miaka 9 iliyopita. Mume wangu alizaliwa hapa, lakini wazazi wake walihamia kutoka Monterrey, Meksiko, na nyumbani kwao lugha ni Kihispania. Nilijifunza lugha hiyo jikoni kwa mama mkwe wangu, kwa kukanda naye unga na kuchambua naye maharage, kwa hiyo habari za chakula, watoto, mvua na misiba ninazisema bila taabu, ila mambo ya hospitali hunipiga chenga.

Mama mkwe ana miaka 61. Ni mjane, anafanya kazi ya kusafisha ofisi usiku, na hana bima ya afya. Mwishoni mwa mwaka jana niliona kwamba ameanza kukaa upande mezani, uzito wote ameuegemeza kwenye paja moja, na kila akija kwetu huja na taulo lake lililokunjwa la kukalia. Nilipomuuliza aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni almorranas, yaani bawasiri, kwamba mama yake alikuwa nazo na dada zake wote wanazo, na kwamba kukalia maji ya vuguvugu yenye majani ya kamomili kungezimaliza. Sasa ni miezi 7. Maji amekalia, dawa za kupaka za dukani amezimaliza, na damu bado anaiona kila aendapo msalani.

Mwezi wa nne alikubali kwenda kliniki, akaniomba nimsindikize mimi, si binti yake wa kumzaa. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Simu ya mkalimani ilikuwa pale ukutani, lakini aliponiona akasema kwamba tumekuja na mkalimani wetu, vizuri, tuanze. Mama mkwe akainamisha kichwa na kueleza yote: damu, kivimbe kidogo kama punje ya dengu ambacho hukigusa anapojisafisha, na kwamba mwaka 2009, kule Monterrey, alikatwa kipande cha shingo ya kizazi kwa sababu ya seli zilizokuwa zimebadilika vibaya. Bibi, unajua malezi yetu. Mkwe ni mtu wa kustahiwa, mbele yake hata neno paja mtu hulimeza. Nilihisi uso unaniwaka, nikamgeukia daktari nikasema: "Anasema anapata choo kigumu na maumivu kidogo." Akaandika dawa ya unga ya kulainisha choo na dawa ya kupaka. Hakumpima popote. Baada ya dakika 10 tulikuwa nje, na ndani ya gari mama mkwe akanishukuru, akanichorea ishara ya msalaba kwenye paji la uso ingawa anajua mimi ni Mwislamu, kwa sababu ndiyo baraka anayoijua. Tangu siku hiyo sina usingizi.

Usiku mmoja nikasoma kwenye simu kuhusu saratani ya njia ya haja kubwa, na kwamba mara nyingi huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, moyo ukanilipuka. Nikamweleza wifi yangu, ambaye ni promotora, yaani mhamasishaji wa afya anayewafundisha wanawake wenzake katika ukumbi wa kanisa kuhusu matiti na shingo ya kizazi. Akaniambia kwamba hilo ni gonjwa la wanaume wanaolala na wanaume, na hata likiwapata wanawake, ni wazungu, si Walatino; tena mama yake amepimwa shingo ya kizazi juzi juzi na akaambiwa ni mzima. Mama mkwe mwenyewe, nilipomdokeza tu neno virusi, alinikata kauli na kuniambia kwamba marehemu mume wake hakuwahi kumtendea jambo la aibu.

Naomba unieleze ukweli. Je, ni ugonjwa wa mwenendo mbaya? Je, kipimo cha shingo ya kizazi hakitoshi? Kuna kipimo chake maalumu, na mtu asiye na bima anakipataje? Na je, nimwambie mume wangu? Mama mkwe anaogopa zaidi kuliko kifo kwamba atawekewa mfuko wa choo tumboni na wanawe wauone.

Mkaza mwana, Houston

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya maelezo yoyote nataka ufanye mambo mawili ndani ya juma hili. La kwanza ni kumwambia mama mkwe wako kwamba siku ile maneno yake hukuyafikisha. Mwambie huko huko jikoni, mikono ikiwa na kazi, maana mambo mazito husemeka vizuri zaidi watu wasipokuwa wanatazamana usoni. Usijieleze sana, mwambie kwamba ulimwonea haya kama mkwe, na kwamba daktari hakuisikia habari ya damu wala ya kivimbe. La pili, akikubali, ipigieni simu kliniki ile, mseme kwamba tafsiri ya mwezi wa nne haikukamilika, na muombe miadi ya karibu kwa kutaja mambo matatu bila kuyafunika: damu kutoka njia ya haja kubwa kwa miezi 7, kivimbe kinachoshikika kwa kidole, na matibabu ya shingo ya kizazi ya mwaka 2009. Mkipewa tarehe ya mbali, msikae kuisubiri. Tafuteni kliniki nyingine. Na siku yoyote damu ikitoka kwa wingi, au akipata kizunguzungu, au choo kikakataa kabisa kutoka, hiyo ni safari ya chumba cha dharura bila kungoja miadi.

Ulikosea, mwanangu, na umelikiri wewe mwenyewe, kwa hiyo sitalirudia. Lakini daktari naye alikosea, tena zaidi yako, kwa sababu simu ya mkalimani ilikuwa mbele yake, na kwa sababu mtu anayelalamikia maumivu ya sehemu ile haandikiwi dawa ya kupaka bila kuangaliwa kwa macho na kupimwa kwa kidole kilichovaa glavu. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nasema kwa uhakika kwamba kipimo hicho huchukua muda mfupi kuliko kuandika dawa ile.

Sasa nikutulize kidogo. Watu wengi wanaoona damu wanapokwenda haja wana bawasiri kweli, au mpasuko mdogo wa ngozi, na mama mkwe wako anaweza kuwa mmoja wao. Tatizo ni kwamba saratani ya njia ya haja kubwa huanza kwa dalili hizo hizo: damu, maumivu, muwasho, ute, uvimbe mdogo, choo kubadilika umbo, na wakati mwingine mitoki kwenye kinena. Wengine hawasikii chochote. Kwa hiyo bawasiri ni jibu linalopatikana baada ya kuangalia, na hakuna mama, dada wala jirani anayeweza kulitoa akiwa amekaa mezani, hata kama yeye mwenyewe anazo. Pamoja na hayo, kwa umri wake daktari atapaswa kufikiria pia utumbo mpana, kwani nchini Marekani uchunguzi wa saratani ya utumbo huo hushauriwa kuanzia miaka 45. Msishangae basi akiagiza kipimo cha kamera. Ila mjue kwamba kamera ile hupita haraka kwenye mlango wenyewe wa haja kubwa, ambao urefu wake ni sentimita 3 au 4 tu, ikielekea juu, na mtu anaweza kuambiwa utumbo wake ni safi ilhali mlango haukukaguliwa kwa makini. Ombeni mlango utajwe kwa jina lake.

Na hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu jina lenyewe ndilo nusu ya ugonjwa huu. Kwa Kiswahili neno la moja kwa moja tumelifanya tusi, tukabaki na "njia ya haja kubwa", "nyuma", "kule". Kwa Kihispania, wewe unajua kuliko mimi jinsi mama mkwe wako anavyolikwepa. Hata Kiingereza, kwa wingi wake wa maneno ya kitabibu, kina wasemaji wanaomezea. Farrah Fawcett, mwigizaji aliyezaliwa Corpus Christi, kwenye pwani ile ile ya Texas mnayoishi, aligunduliwa na saratani hii mwaka 2006 na akafariki Juni 2009, na alikuwa mmoja wa watu wachache mashuhuri waliokubali ijulikane ugonjwa wao ulikuwa wapi. Karibu miaka 10 baadaye Marcia Cross, mwigizaji mwingine, alijitokeza akaeleza kwamba ametibiwa saratani hiyo hiyo na kupona, na akasema wazi kwamba anataka kuiondolea aibu. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nikiwaambia wazazi wodini maneno hayo walipokaza magoti, nami nakuambia wewe leo kwa sababu ile ile: mwenye kusaidia lazima aone.

Nije kwenye chanzo, kwani ndipo penye jeraha la mama mkwe wako. Saratani hii, takribani kesi 9 kati ya 10, husababishwa na virusi vya HPV, hasa aina yake ya 16, yaani virusi vile vile vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi. Ni virusi vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kujamiiana hata na mwenzi mmoja tu hukutana navyo maishani, na mwili huvifukuza bila mtu kujua. Kwa baadhi yetu hubaki, vikakaa kimya miaka 10, 20 au zaidi, kisha vikaanza kubadili seli. Na kwa mwanamke, maumbile yenyewe yameziweka njia hizi mbili jirani. Virusi vilivyokuwa mbele hufika nyuma kwa majimaji, kwa kidole, kwa namna ya kujifuta, bila tendo lolote analoliogopa kulitaja. Kwa hiyo mwambie hivi, kwa Kihispania chako cha jikoni, kitatosha: marehemu hakushtakiwa, na yeye hakushtakiwa. Virusi vilivyomletea matatizo ya shingo ya kizazi mwaka 2009 ndivyo hivyo hivyo tunavyovifuatilia sasa, na hakuna anayemuuliza habari za chumbani kwake.

Wifi yako simlaumu, kwani amesema alichofundishwa, na sehemu yake ni kweli. Wanaume wanaolala na wanaume, hasa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ndio walio katika hatari kubwa zaidi, na ndiyo maana kwa miaka mingi mabango yote yaliwaelekea wao. Lakini Marekani hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka, na karibu theluthi mbili yao ni wanawake. Ni kweli pia kwamba, kwa hesabu ya jumla, wanawake weupe huipata kwa kiwango kikubwa kuliko Walatino. Hesabu ya jumla, hata hivyo, si hirizi ya kumvalisha mtu shingoni. Wanawake wa Kilatino nchini humo hupata saratani ya shingo ya kizazi kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake weupe, na anayeponea huko mbele hubaki na alama ya hatari huko nyuma. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika wanawake 100,000 waliowahi kuwa na mabadiliko makali ya seli za shingo ya kizazi, kama 8 hupata saratani ya njia ya haja kubwa kwa mwaka, ilhali katika watu wa kawaida ni chini ya 2; kwa wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi ni kama 22, na kwa waliougua mabadiliko makali au saratani ya ngozi ya nje ya uke hesabu hupita 40. Utaona kwamba hata hizo 8 ni chache, na sitaki zimtishe mama yetu. Nataka zimfanye aulizwe swali ambalo hakuna aliyemuuliza tangu avuke mpaka: mama, je, umewahi kutibiwa shingo ya kizazi? Mwanamke aliyetibiwa Monterrey, faili lake likabaki Monterrey, akaingia kliniki ya Houston bila Kiingereza na bila bima, huanza maisha ya hospitali upya kama mtoto mchanga asiye na historia. Hapo ndipo ninapoona hatari ya wanawake wa Kilatino, si katika damu yao. Kama ana cheti chochote cha mwaka 2009, kitafuteni. Akiona juu yake maneno ya Kihispania yenye maana ya "daraja la juu", yaani mabadiliko makali ya seli, hayo ndiyo daktari anayahitaji.

Umeuliza kama kipimo cha shingo ya kizazi hakitoshi. Hakitoshi. Ni mlango mwingine kabisa, na kuambiwa mbele ni pazima hakusemi lolote kuhusu nyuma. Wanawake wengi, wa kila asili, huamini kwamba wakishalala kwenye kile kitanda na kupanua miguu basi wamekaguliwa kila kitu. Wifi yako akiongeza sentensi hiyo moja tu kwenye somo lake la kanisani atakuwa amefanya kazi kubwa.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mhudumu huchukua kijiti chenye ncha laini ya nyuzi, akakilowesha maji, akakiingiza sentimita kama 5, akakizungusha taratibu huku akikitoa, muda usiozidi dakika moja. Hakuna sindano wala usingizi. Kinachoombwa ni kwamba kwa siku nzima kabla yake mtu asiingize kitu chochote sehemu ile, iwe dawa ya kuchomeka au maji ya kusafisha tumbo. Seli huangaliwa kwa darubini, virusi vya HPV hupimwa, na kidole hupita kutafuta uvimbe. Majibu yakitia shaka, mtaalamu hutazama kwa kifaa kinachokuza, baada ya kupaka siki isiyo kali ili sehemu iliyobadilika igeuke nyeupe. Ukisikia siki usishangae, maana ndiyo hiyo hiyo wanayotumia wauguzi huko kwetu kukagua shingo ya kizazi. Huenda mama yako mzazi Tanga amepimwa nayo. Panapotiliwa shaka hukatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara.

Januari 2024 chama cha kimataifa cha wataalamu wa ugonjwa huu kilitoa mwongozo wa nani apimwe hata kama hana dalili. Kwa upande wa wanawake ni hawa: wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuanzia miaka 45, waliopandikizwa kiungo kama figo kuanzia miaka 10 baada ya upandikizaji, na waliopata mabadiliko makali au saratani ya ngozi ya nje ya uke, hao ndani ya mwaka mmoja tangu kugunduliwa. Kwa mwanamke kama mama mkwe wako, mwenye historia ya shingo ya kizazi na umri uliopita 45, mwongozo unasema akae na daktari wake waamue pamoja. Lakini nikusihi usichanganye mambo mawili. Kupima mapema ni kwa mtu asiyesikia kitu. Yeye anaona damu na anashika kivimbe, na kwake hatuzungumzii tena kupima kwa hiari, bali kutafuta jibu. Hata kliniki ikiwaambia kwamba haina kile kifaa cha kukuza, na nyingi hazina kwa sababu waliofunzwa kukitumia ni wachache, kidole wanacho. Wakishika uvimbe, au wasipoelewa wanachokishika, wampe barua ya rufaa kwa mtaalamu wa upasuaji wa utumbo mpana na njia ya haja kubwa.

Kwamba kutafuta mapema kuna faida, hilo lilithibitishwa kwa utafiti mkubwa ulioongozwa na Daktari Joel Palefsky wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na kuchapishwa mwaka 2022. Walifuatiliwa watu zaidi ya 4,400 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wenye umri wa miaka 35 na zaidi, ambao seli zao za njia ya haja kubwa zilikuwa zimefikia daraja la juu la mabadiliko. Nusu yao walitibiwa, wengi kwa kuchomwa sehemu zile kwa umeme, na nusu wakaangaliwa tu kwa karibu. Waliotibiwa walipata saratani 9, wasiotibiwa 21, yaani hatari ilipungua kwa asilimia 57, na jaribio likasimamishwa mapema ili wote wapewe matibabu. Mama mkwe wako hajasema kwamba ana virusi vya Ukimwi, ila kama hajawahi kupima, apime mara hiyo hiyo, kwani jibu litabadilisha uzito wa kila kitu nilichoandika hapa.

Sasa ule mfuko. Hofu yake naiheshimu, nimewaona wanawake waliokataa matibabu kwa ajili yake. Zamani ilikuwa hivyo kweli: saratani hii ilikatwa na mlango wake, na mgonjwa akabaki na mfuko tumboni maisha yake yote. Mwaka 1974 daktari mpasuaji wa Detroit, Norman Nigro, alieleza kwamba wagonjwa aliowapa dawa za saratani pamoja na mionzi kabla ya upasuaji walikutwa uvimbe umeyeyuka, na tangu hapo mpango huo ndio ukawa matibabu ya kwanza. Siku hizi wagonjwa wengi hutibiwa kwa dawa na mionzi kwa majuma 5 au 6, na mlango wao hubaki ukifanya kazi yake. Mfuko hubaki kwa wale ambao saratani imekataa kuisha au imerudi. Mionzi ina adha zake, ngozi hubabuka na choo husumbua, sitamficha. Lakini ikikutwa ingali mahali pake, takribani wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5, na ikishatawanyika mbali idadi hiyo hushuka chini ya nusu. Anaogopa mfuko, na kinachousogeza mfuko karibu ni hii miezi inayopita.

Kuhusu fedha, Texas haijapanua mpango wa Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali, kwa watu wazima wa kipato cha chini, na ndilo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima nchini Marekani, kwa hiyo njia yenu ni vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kwa kadiri ya kipato, pamoja na mpango wa msaada wa malipo wa hospitali za umma za kaunti yenu. Nendeni na hati za mshahara na uthibitisho wa makazi, na muombe fomu ya msaada kabla ya kumwona daktari, si baada ya bili kufika. Mpango wa serikali wa kuwapima wanawake wasio na bima unagharamia matiti na shingo ya kizazi; kwa njia ya haja kubwa ulizeni bei mapema, na kumbukeni kwamba kipimo cha kidole ni sehemu ya ziara ya kawaida.

Kuhusu ukalimani nakusihi kwa nguvu zote: usiingie tena chumba kile kama mkalimani. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa kisheria kumpa mgonjwa mkalimani aliyefunzwa, bila malipo, na mgonjwa ana haki ya kumwomba hata kama amekuja na ndugu kumi. Ombeni wakati wa kuweka miadi, mseme Kihispania, na mkitaka mwanamke, mseme mwanamke. Mkalimani yule hamjui mama mkwe wako, na kesho hatakula naye meza moja. Atayasema maneno yote kama yalivyo. Nadhani ndiyo sababu alikuchagua wewe badala ya binti yake, alidhani ugeni wako utakuwa pazia. Kumbe ukwe wako wa Kitanga ulikuwa mzito kuliko pazia lolote, na hilo hakuna ambaye angemwonya.

Kumwambia mume wako ni haki ya mama, si yako. Ukibanwa, sema mama ana miadi na unamsindikiza. Wifi, akiridhia mama, aambiwe mapema, kwa sababu mwalimu wa wanawake wenzake atalibeba jambo hili mbali kuliko mimi. Na kama una mtoto mwenye umri wa kuanzia miaka 9, wa kike au wa kiume, ulizia chanjo ya HPV, ambayo tangu mwaka 2010 imeidhinishwa Marekani kwa kuzuia saratani hii pia. Watoto wasio na bima huipata chini ya mpango wa serikali wa chanjo. Chanjo ya virusi hivyo hivyo ndiyo wanayochanjwa mabinti wa shule huko Tanzania tangu 2018.

Kabla ya siku ya miadi, mpe mama karatasi na kalamu. Aandike mwenyewe, kwa Kihispania chake na kwa mkono wake, kwamba ana miezi 7 anatoka damu njia ya haja kubwa, kwamba ana kivimbe, kwamba alitibiwa shingo ya kizazi mwaka 2009, na kwamba anaomba apimwe kwa kidole siku hiyo hiyo. Aikunje, aitie mfukoni, na akishindwa kutamka amkabidhi mkalimani aisome. Wewe mshikie mkoba na lile taulo lake, na daktari akisema wakati wa kupimwa umefika, muulize mama kama anataka ubaki au utoke.